Je, Wajua? Betri Iliyoleta Mwanga Miteremkoni

Je, wajua kwamba sola za nyumbani nchini Kenya zilianza kushika mizizi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, pande za Meru na Embu? Katikati ya miaka ya 1980, Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga taa za sola katika shule ya sekondari ya Karamugi. Walimu na wakulima wa kahawa wakaona, nao wakataka. Hadi wakati huo, mwenye televisheni kijijini alibeba betri ya gari hadi mjini ikachajiwe.

Betri hiyo ya risasi na asidi, ambayo sasa sola huichaji papo hapo, ina masharti yale yale, iwe chini ya meza au ndani ya gari la kulala lililoegeshwa katika Mbuga ya Meru. Ya volti 12 ikijaa na kupumzika saa kadhaa, husoma karibu 12.7. Ikishuka hadi 12.1, imebaki takriban nusu, ichaji. Ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, salfeti huganda kwenye bamba za risasi, na betri nyingi hufa hivyo kabla ya uzee. Maji yakipungua, ongeza yasiyo na madini. Ya kisima, hata yawe maangavu vipi, huiharibu. Tena, tafadhali, usiichaji chumba kikiwa kimefungwa: ikikaribia kujaa hutoa hidrojeni, na cheche moja yatosha kuilipua.