MACHO YAKIPUNGUA NURU, HAKI HAIPUNGUI

Wahenga walisema: Hujafa hujaumbika. Mtu aliye mzima leo hajui kesho itamletea nini, na miongoni mwa mambo yawezayo kumfika mfanyakazi yeyote ni kupungukiwa na nuru ya macho. Mtoto wa jicho hachagui karani wala kibarua; na presha ya macho humnyang'anya mtu uwezo wa kuona kidogo kidogo, pasipo maumivu, hata siku anapotanabahi, kilichopotea hakirudi tena.

Twawaomba wafanyakazi wa Masakta, wilayani Hanang, walitafakari jambo hili kwa makini. Huko, kama ilivyo vijijini kote, wanaolipwa mishahara ni wachache: mwalimu, mhudumu wa zahanati, mlinzi, muuza duka, kibarua wa shamba. Mmoja wao akianza kukosea tarakimu daftarini, pengine haambiwi aende akapimwe macho. Huambiwa aende nyumbani akapumzike. Neno hilo ni tamu, lakini maana yake ni kufukuzwa kazi. Naye hunyamaza, kwa kuwa amezoea kusikia kwamba mnyonge hana haki.

Haki anayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, yamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au hata mwombaji kazi, kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 37 chasema kwamba ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kifungu cha 39 chamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ametenda haki. Nayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri asimtupe aliyepata ulemavu akiwa katika ajira. Na kila mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu.

Hatusemi kwamba asiyeona akabidhiwe usukani wa lori. Sheria yenyewe yakubali kwamba ziko kazi ambazo kwa asili yake hazifanyiki pasipo macho. Lakini kabla ya kutamka kwamba fulani hafai, mwajiri yampasa achunguze ukubwa wa upungufu, ashauriane na mwenyewe, na atazame kama kazi yaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine. Miwani, taa bora, maandishi makubwa, au upasuaji wa mtoto wa jicho, huweza kumrudisha mtu kazini akiwa na ujuzi wake wote. Kumfukuza mtu wa namna hiyo ni dhuluma, na tena ni hasara kwa mwajiri mwenyewe.

Hata asiyeona kabisa si mtu wa kukaa kando. Ndugu Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, aliteuliwa kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria katika Serikali ya Awamu ya Tano. Aliyekabidhiwa kazi za wizara ametuonyesha kwamba akili haikai katika mboni ya jicho. Na huko kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2021 Mahakama Kuu iliiamuru kampuni ya simu ya Safaricom imlipe fidia ya shilingi 400,000 za Kenya mwombaji kazi asiyeona, ambaye aliitwa kwenye usaili pasipo kuandaliwa vyombo vya kumwezesha kuufanya.

Basi hatari iko wapi, ikiwa sheria ipo? Iko katika kukawia. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; na kwa malalamiko mengine ya kazi, siku 60. Mtumishi wa umma, kama mwalimu wa serikali, yampasa amalize kwanza njia za rufani ndani ya utumishi wake. Aliyechelewa aweza kuomba aongezewe muda, lakini lazima aeleze sababu zenye uzito. Kutoka Masakta hadi Babati kunataka nauli, na asiyeona vema anataka mtu wa kumwongoza. Siku 30 ni chache mno kwa anayesubiri huruma. Ngojangoja huumiza matumbo.

Hapo ndipo wenzake wanapotakiwa. Wamsomee barua aliyopewa, neno kwa neno, asije akatia sahihi au dole gumba katika karatasi asiyoijua. Waandike tarehe aliyoipokea. Wawaite viongozi wa chama chao cha wafanyakazi, na mmoja afuatane naye safarini. Sheria imekwisha kuandikwa. Lakini haiwezi kumsaidia mtu ambaye hakuna aliyemsomea.