Skrini Ikiwa Nyeusi, Usikimbilie Kununua Kioo

Unawasha kompyuta mpakato, feni inazunguka, kitaa cha umeme kinawaka, lakini skrini inabaki nyeusi tii. Wengi huibeba moja kwa moja hadi Kariakoo au Luthuli Avenue na kumwambia fundi, "Kioo kimekufa." Huenda ni kweli. Lakini kioo ni kituo cha mwisho cha picha, nayo inaweza kupotea mahali popote kabla ya kufika hapo. Swali la kujiuliza ni moja tu: imepotelea wapi?

Picha hutengenezwa na kichakataji cha michoro kilichomo kwenye bodi kuu, ikapita katika waya mwembamba unaokatiza kwenye bawaba za kifuniko, ndipo ikafika kwenye kioo. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe. Kina tabaka la fuwele za kimiminika ambazo, zikipata umeme, huruhusu au huzuia mwanga katika kila nukta. Mwanga wenyewe hutoka kwenye taa ndogo za LED zilizo nyuma ya tabaka hilo, mara nyingi zikiwa zimepangwa ukingoni. Taa hizo zikizimika, picha ipo ila huioni.

Kwa hiyo anza na tochi ya simu. Zima taa za chumbani, washa kompyuta, subiri kama dakika moja, kisha mulika skrini kwa mshazari, tochi ikiwa karibu kabisa na kioo. Ukiona kivuli hafifu cha maandishi, kioo kinafanya kazi; kilichokufa ni taa zake au umeme unaozilisha. Kabla ya hapo, hakikisha mwangaza haukupunguzwa kwa kibodi. Ondoa pia kava ya simu yenye sumaku iliyo karibu: kompyuta nyingi hutambua kwamba kifuniko kimefungwa kwa kuhisi sumaku, hivyo kava hiyo inaweza kuzidanganya zikazima skrini.

Kipimo cha pili ni televisheni ya sebuleni. Iunganishe kwa waya wa HDMI. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P ili kuchagua skrini. Picha ikitokea huko, kompyuta yenyewe ni nzima, na hapo hapo nakili mafaili yako muhimu. Ikiwa skrini yake huwaka na kuzimika unapokisogeza kifuniko taratibu, mshuku kwanza ule waya wa kwenye bawaba.

Televisheni nayo ikibaki tupu, tatizo liko nyuma zaidi. Kabla ya kuonyesha chochote, kompyuta hujipima, na ikishindwa kusoma kadi ya RAM husimama hapo, pengine ikitoa milio au kumetesha kitaa. Sisi wa pwani tuizingatie hii, maana unyevu na chumvi ya hewani huchafua ncha za shaba zinazoshika kadi. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha chomoa kadi na uirudishe mpaka ilie "kik". Mafundi wengi husugua ncha zake polepole kwa kifutio safi cha penseli.

Mistari na rangi zilizoharibika zina kipimo chake, nacho ni kizuri mno. Piga picha ya skrini kwa kitufe cha kompyuta, si kwa kamera, uitume kwenye simu. Mistari isipoonekana kwenye simu, kasoro yaelekea iko kwenye waya au kioo, kwa sababu picha hiyo ilihifadhiwa kabla ya kufika huko. Ikionekana, chunguza programu ya michoro au kichakataji chake.

Kuna mambo mawili usiyajaribu kabisa. Kibodi au kiguso kikianza kuinuka, betri imevimba. Zima mashine, chomoa chaja, usiitoboe wala kuibana, mpelekee fundi. Vilevile usifungue sanduku la umeme la kompyuta ya mezani, kwani ndani yake chaji ya hatari hubaki hata baada ya kuchomolewa.

Na kabla hujalipia kioo kipya, mwambie fundi aunganishe mashine yako na skrini nyingine ukiona kwa macho yako.