Kabla ya kulipa ada ya chuo cha ufundi wa magari

Juu ya kilima cha Nakasero zimo ofisi za wakubwa na Ikulu. Chini yake, upande wa Barabara ya Kyaggwe, lipo soko la Kisekka, ambako vipuri huuzwa na magari hufunguliwa na kufungwa upya mchana kutwa. Vijana wengi wa Kampala wamejifunzia umakanika hapo, bila darasa wala cheti. Mzazi ambaye mwanawe amemaliza kidato cha nne na anapenda injini ana haki ya kuuliza: kuna haja gani ya kulipa ada ya chuo ilhali fundi wa Kisekka atampokea kesho asubuhi na kumpa spana mkononi?

Swali hilo halistahili kudharauliwa. Gereji hufunza mkono, tena upesi. Kijana aliyekaa miaka miwili chini ya fundi mzuri hufungua gia boksi kuliko mwanafunzi aliyeichora ubaoni tu. Hata lugha ya kazi humpokea: spana, jeki, gia, breki na plagi ni maneno ambayo Mswahili, Mganda na Mkongomani huelewana kwayo bila mkalimani.

Lakini magari yamebadilika. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha sheria ya usalama barabarani na kupiga marufuku kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Gari lililotoka Japani na kuingia Uganda leo lina kompyuta inayoamuru petroli iingie lini na kwa kiasi gani. Taa ya injini ikiwaka, kuna sensa iliyotoa taarifa, na fundi asiyeweza kuisoma hubaki kubahatisha: hubadilisha plagi, kisha pampu, kisha koili, na kila mara mwenye gari ndiye anayelipa. Ndipo penye tofauti ya kweli kati ya kufundishwa kubadilisha kifaa na kufundishwa kwa nini kimeharibika. Zaidi ya hayo, ofisi za Serikali na kampuni kubwa zenye magari mengi huomba cheti kabla ya kutazama mkono.

Basi programu ipi? Ngazi ni kadhaa, na wengi huzichanganya. Cheti cha taifa cha ufundi wa magari kwa kawaida huchukua miaka miwili baada ya kidato cha nne. Stashahada nayo huhitaji ufaulu wa kidato cha sita katika masomo kama fizikia na hisabati, au cheti hicho cha taifa. Kwa hiyo aliyeanza chini hajafungiwa mlango. Juu zaidi ipo shahada, kama ile ya uhandisi wa magari na nishati katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Familia nyingi hukimbilia shahada kwa sababu ya heshima yake. Kwa maoni yetu, kijana anayetaka kutengeneza magari, na si kuyasanifu au kusimamia watengenezaji, hupata zaidi katika cheti au stashahada nzuri.

Jambo la kwanza la kuuliza ni nani atakayemtahini mwanafunzi. Kwa miaka mingi mitihani ya vyuo vya ufundi ilikuwa mikononi mwa UBTEB, na upimaji wa stadi za kazi mikononi mwa Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, DIT. Sheria mpya ya elimu na mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 iliweka kazi hiyo chini ya bodi moja, UVTAB. Chuo kinachotoa cheti chake chenyewe tu, bila mtihani wa taifa, kinauza karatasi. Huenda mafunzo yake yakawa mazuri, lakini karatasi hiyo haitamwezesha kijana kupanda ngazi ya pili.

Jambo la pili ni karakana, na hapa yafaa kukawia. Usitosheke na kijitabu chenye picha. Nenda siku ya kazi, saa za masomo, uombe kuonyeshwa. Hesabu injini zinazofunguliwa, kisha hesabu wanafunzi. Wanafunzi 40 wakiizunguka injini moja, watano hushika na waliosalia hutazama. Tazama kama injini zina mfumo wa kielektroniki au ni za kabureta peke yake. Uliza kama kipo kifaa cha kusomea hitilafu za kompyuta ya gari, na kama mwanafunzi hukishika mwenyewe au mwalimu hukifungia kabatini. Chuo cha Ufundi cha Nakawa, kilichoanza mwaka 1971 kwa ushirikiano wa Uganda na Japani, kilijengwa juu ya mazoezi ya vitendo, na ni kipimo kizuri cha kulinganishia vingine. Vipo pia vyuo vya ufundi vya Serikali kama Elgon kule Mbale na Kichwamba karibu na Fort Portal, ila usidhani kila chuo kina kila somo.

Uliza vilevile wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi ya kazini, kwa muda gani, na nani huwatafutia nafasi. Ada nayo si gharama yote: kuna ovaroli, viatu vya kazi, seti ya spana, ada ya mtihani na nauli. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, si wa shahada peke yao.

Magari ya mseto na bodaboda za umeme zimekwisha kuingia Kampala, na kule Jinja kiwanda cha Kiira Motors kimejengwa kwa ajili ya mabasi ya umeme. Betri ya gari la mseto yaweza kuwa na zaidi ya volti 200, kiasi cha kumuua fundi asiyejua namna ya kuikata kabla ya kushika waya. Chuo kisichofundisha hilo kinamtayarisha kijana kwa magari ya jana.

Na kwa yule ambaye tayari yuko Kisekka, mwenye ujuzi wa miaka bila karatasi, njia ipo. Uganda ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini, ujulikanao kama Workers' PAS, ambao fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake na kuandikiwa yale anayoyaweza. Haumlazimu kurudi darasani, wala kuacha wateja wake kwa miaka miwili.