Mchezo Mzuri Hujulikana kwa Hadithi Yake

Jua likichwa huko Masisi na Walikale, ni nyumba chache tu zenye umeme. Lakini palipo na televisheni moja iwashwayo kwa nguvu ya jua au kwa jenereta, hapo watoto, vijana na wazee hukusanyika. Sisi tu miongoni mwao, wala hatuoni haya kukiri kwamba twaipenda michezo hiyo. Ila kuipenda si kuikubali yote. Mpenda maharagwe ndiye atambuaye upesi yaliyoungua. Basi, wasomaji wapenzi, tuulizane leo: mchezo mzuri ni upi?

Wengi watajibu: ni ule wenye nyumba za fahari, magari na mapigano. Sisi twakataa. Hayo ni mavazi tu. Mwili wa mchezo ni hadithi. Tumeona michezo mingi ambayo mtu mbaya ni mbaya bila sababu, mwema hana kosa hata moja, na mwishoni ajali au uganga humaliza matata ambayo mtungaji alishindwa kuyafungua. Mchezo kama huo hutusisimua kwa saa moja, kisha hatubaki na kitu.

Wala kipimo hiki hakikutoka ng'ambo. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, msimulizi Candi Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku mtaalamu Daniel Biebuyck na wenzake wakiandika. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga, walizitoa katika kitabu. Chifu Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume, akajaribu kumwua mwanawe Mwindo. Mwana alipopata nguvu alimfuata baba yake hata kuzimu, lakini hakumwua. Baba aliungama kosa lake, nao wakagawana utawala. Je, huo ndio mwisho? La! Mwindo naye aliingiwa na majivuno, akaua joka lililokuwa rafiki wa Radi, akachukuliwa juu angani, akateswa kwa baridi na mvua mpaka akajifunza unyenyekevu. Tazameni: mkosaji ana njia ya kurudi, na shujaa ana kosa lake. Hiyo ndiyo hadithi iliyotungwa vema.

Watungaji wa siku zetu wakishika njia hiyo hufaulu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo uitwao Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mcheshi, mwenye wapenzi wengi njiani. Mkwaju mwenyewe alivuna alichopanda, akapatwa na UKIMWI, na mkewe Tunu akajitafutia maisha yake. Watafiti walilinganisha watu waliousikia na wale wa sehemu za Dodoma, ambako haukutangazwa mpaka mwaka 1995, wakaona kwamba waliousikia walipunguza idadi ya wapenzi.

Kwetu Kivu, jambo hili si la mchezo. Mwezi wa Machi 1993 vita vya makabila vilizuka katika soko la Ntoto, Walikale, vikaenea hadi Masisi. Mwaka 2025 vita vingine viliingia katika miji ya Masisi na Walikale yenyewe. Mtoto aliyekimbia kwao akitazama mchezo ambao kabila fulani ni la wauaji tu, atajifunza nini? Chuki yake itapata chakula. Kwa hiyo twalisifu shirika la Radio La Benevolencija, lililoanzisha mchezo Musekeweya huko Rwanda mwaka 2004, na kuleta mashariki ya Kongo mchezo wa Kiswahili uitwao Kumbuka Kesho. Musekeweya huonyesha jinsi chuki ya vijiji viwili inavyoanza kwa shamba na wivu, na jinsi wakubwa wanavyoikuza.

Hata hivyo, mchezo mzuri peke yake hautoshi. Mtaalamu Elizabeth Levy Paluck alichunguza kwa mwaka mmoja wasikilizaji wa mchezo wa redio mashariki ya Kongo. Baadhi yao, baada ya mchezo, walisikia kipindi cha kuwahimiza wajadiliane. Mwaka 2010 alitangaza matokeo: hao waliohimizwa waliongea zaidi, lakini walishika zaidi malalamiko yao, na walikuwa wazito zaidi kuwasaidia watu wasiowapenda. Maneno mengi si mapatano.

Basi, enyi wazazi, msiwaache watoto peke yao mbele ya televisheni. Ketini nao. Mchezo ukiisha, msiulize tu ni nani aliyeshinda. Ulizeni: kwa nini alitenda hivyo? Jirani yake angesemaje? Je, aliachiwa njia ya kurudi? Mchezo usioweza kujibu maswali hayo, uzimeni bila majuto; na ule unaoweza, mtautazama tena kesho kwa furaha.