Moteri za ndege zikizimika, nani anageuza usukani?

Bandugu, miye niko wa agronomia, lakini tuanzie ku mashine ya kusaga muhindi. Muangalie ile moteri ya mazutu: pembeni iko na gurudumu la chuma, zito sana. Pistoni inasukuma mara moja tu kila mizunguko miwili. Nguvu ya mizunguko mingine inatoka mu gurudumu: linaichunga, kisha linairudisha.

Sasa ku ndege. Piloti wa ndege kubwa hasogezi vibao vya mabawa na mkia kwa nguvu ya mikono. Vinasukumwa na mafuta yenye presha ao umeme, na vyote vinatoka ku moteri. Zikizimika? Tarehe 24/08/2001, Airbus A330 ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki. Iliteleza hewani karibu dakika 19, ikatua Azores, watu wote 306 wakapona. Kilichotoa nguvu ya usukani ni feni ndogo inayoshuka chini ya ndege na kuzungushwa na upepo. Lakini feni hiyo inachukua sekunde kadhaa kutoka, na mwendo wa ndege ukipungua, nguvu yake pia inapungua.

Hapo njo wainjinia wanawaza gurudumu. Kibao hakiombi nishati nyingi. Kinaomba nguvu kubwa kwa muda mfupi. Gurudumu lenye kilowati-saa 1 linaweza kutoa kilowati 60 kwa dakika nzima. Tena, mwendo ukizidi mara 2, nishati inazidi mara 4. Njo maana wanatumia gurudumu jepesi la nyuzi za kaboni, linalozunguka mbio sana mu chombo kisicho na hewa, likishikwa na sumaku. Halina hatari ya moto wa bateri za lithiamu, ule uliofanya Boeing 787 zisimamishwe mwaka 2013.

Mbona basi ndege bado zinabeba bateri na feni? Gurudumu likipasuka, vipande vinaruka kama risasi, kwa hiyo linaomba kasha zito. Tena kitu kinachozunguka kinakataa kugeuzwa. Inabidi kuweka mawili yanayozunguka kinyume. Na nishati yake inapungua yenyewe polepole, wakati bateri inaichunga siku nyingi.

Kwa hiyo tusiulize tu "iko na nishati ngapi?" Tuulize pia "inatoa nguvu ngapi, kwa muda gani?" Pompi ya kumwangilia shamba, ikianza, inakula umeme mara kadhaa kuliko ikishazunguka. Unaweza kuongeza bateri za kutosha usiku mzima, na pompi ikakataa kuwaka, juu ya ile sekunde moja ya kuanza. Muihesabu mbele ya kununua.