Simu Sikioni, Macho Barabarani

Tangu tarehe 1 Julai 2015, dereva anayekutwa na kifaa cha simu sikioni huko Ufaransa hutozwa faini ya yuro 135 na kukatwa pointi tatu za leseni. Kiwe na waya au kisiwe nao, kiwe sikio moja au yote mawili, kosa ni lilelile. Akizungumza kupitia spika za gari lenyewe, sheria hiyo haimgusi. Uingereza walianza kukataza kushika simu kwa mkono Desemba 2003. Huko mwenye kifaa sikioni anaruhusiwa kuzungumza, lakini polisi wakiona mazungumzo yamemfanya ashindwe kulimudu gari wanaweza kumshtaki. Kenya nayo, katika kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, iliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo.

Wafaransa wamelishuku sikio, Waingereza wameushuku mkono. Utafiti uliofanyika tangu miaka ya tisini unaelekeza kidole mahali pengine kabisa, nami nataka tufike huko. Ila tuanze na kifaa chenyewe, maana wanaokivaa ni wengi na wanaokielewa ni wachache.

Teknolojia ya Bluetooth, inayounganisha simu na kifaa kisicho na waya, ilianza kutengenezwa na kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, mwaka 1994. Hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, jirani ya Wi-Fi ya nyumbani, kwa nguvu ndogo inayofika kama mita kumi. Ili visigongane na vifaa vingine vilivyo karibu, simu na kifaa cha sikioni huhama pamoja kutoka chaneli moja hadi nyingine, mara 1,600 kila sekunde, ndani ya chaneli 79. Ndani ya gari umbali si tatizo. Tatizo ni mwili wako. Mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi hayo. Simu uliyoikalia kwenye mfuko wa nyuma upande wa kulia, huku kifaa kikiwa sikio la kushoto, inaweza kukupa sauti ya kukatikakatika hata betri ikiwa imejaa. Iweke mfuko wa shati au kwenye dashibodi, utasikia tofauti.

Jambo la pili ni ubora wa sauti. Wengi hushangaa kwamba kifaa kilekile kinachopiga muziki vizuri kinatoa sauti nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya pipa, mara simu inapoingia. Muziki husafiri upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kuja sikioni. Mazungumzo yanahitaji kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kifaa hubadili njia na kuibana sauti. Vifaa vya zamani na vingi vya bei ya chini huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kwa kipimo hicho hakuna kitu kinachozidi hezi 4,000 kinachopita. Huko juu ndiko ziliko sehemu kubwa za herufi kama s, f na sh. Vifaa vipya hupima mara 16,000, na tofauti inasikika wazi. Si suala la anasa. Sauti ikifika pungufu, ubongo wako unalazimika kukisia maneno yaliyomezwa, na ubongo huohuo ndio unaotazama bodaboda anayechomoka kutoka kwenye kichochoro.

Kwa nini madereva wetu hutegemea kifaa cha sikioni kuliko spika za gari? Sababu mojawapo iko bandarini. Magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yametumika kwanza Japani, na redio zake zimebaki na maandishi ya Kijapani. Masafa ya FM ya huko yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, ndiyo maana fundi hulazimika kufunga kidude cha kuongeza masafa ili upate stesheni zetu. Mtu ambaye hajui kitufe kipi kinasema nini hawezi kuunganisha simu na redio hiyo, na redio nyingine hazina uwezo huo kabisa. Ananunua kifaa cha sikioni, safari inaendelea.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha utafiti kuhusu madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu za mkononi na waliopata ajali. Walilinganisha kumbukumbu za simu zao na saa za ajali, wakakuta kwamba mtu anapotumia simu uwezekano wake wa kugonga huongezeka kama mara nne. Waliokuwa na simu zisizoshikwa mkononi hawakuonekana kuwa salama zaidi. Miaka minane baadaye, huko Perth, Australia, watafiti walirudia kazi hiyo kwa madereva 456 waliofikishwa hospitali baada ya ajali. Walipata jibu lilelile: mara nne, kwa wanaoshika na wasioshika.

Jibu hilo liliwasumbua wengi, mimi nikiwamo. Mikono yote miwili iko kwenye usukani, macho yako mbele, kosa liko wapi? David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah waliwaweka madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, wakawavalisha chombo kinachofuatilia macho. Matokeo yao ya mwaka 2003 yanastahili kubandikwa ukutani katika kila shule ya udereva. Madereva waliokuwa wakizungumza kwa simu isiyoshikwa walishindwa kuvikumbuka hata vitu ambavyo chombo kilionyesha wazi kwamba macho yao yalivitazama. Jicho lilifika, akili haikufika. Akili ilikuwa upande wa pili wa simu, ikimwona anayezungumza, ikitafuta la kumjibu.

Hapo msomaji atauliza: mbona abiria aliyekaa kushoto kwangu tunazungumza naye safari nzima? Swali hilo lilipimwa pia Utah, mwaka 2008. Dereva aliambiwa aendeshe kwenye barabara kuu kisha achepuke kwenye sehemu ya kupumzikia. Karibu nusu ya waliokuwa kwenye simu waliipita. Waliokuwa na rafiki garini, wengi mno walichepuka walipotakiwa. Rafiki anaiona barabara. Lori likisimama ghafla mbele yenu, ananyamaza bila kuombwa, au anasema, “Angalia!” Aliye kwenye simu haoni lori. Anaendelea na habari ya ada ya shule, na adabu zetu zinakubana umjibu.

Haki inataka niseme pia kwamba watafiti hawajakubaliana kila kitu. Chuo cha Virginia Tech nchini Marekani kimefunga kamera ndani ya magari ya watu wanaoendesha maisha yao ya kawaida, na katika data zao kuzungumza tu kwa simu isiyoshikwa hakukuonekana kuongeza ajali. Kilichoonekana kuleta hatari ni kuitafuta simu, kubonyeza namba na kuandika ujumbe. Katika kazi yao ya mwaka 2009, madereva wa malori waliokuwa wakiandika ujumbe walikuwa katika hatari mara 23 zaidi, na katika kila sekunde sita macho yao yaliacha barabara kwa sekunde 4.6. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita 102 ambazo lori limekwenda bila mtu.

Nikiweka tafiti hizi pamoja, msimamo wangu ni huu. Kifaa cha sikioni kinaondoa hatari kubwa zaidi, ile ya mkono na jicho kuiendea simu. Kwa hiyo anayelazimika kupokea afadhali awe nacho. Lakini hakikupi ruhusa ya kupiga soga kutoka Ubungo hadi Kibaha. Kitumie kwa simu inayokwisha kabla ya dakika moja kwisha, na kwa habari isiyokuhitaji kufikiri, kukadiria wala kukasirika. Mjadala wa bei ya kiwanja, taarifa ya msiba, ugomvi wa ndoa: hayo yote yanadai gari lisimame pembeni.

Kivae kabla ya kuwasha gari, ukiunganishe na uhakikishe kina chaji. Anayehangaika kukichomeka sikioni huku gari linakwenda amejirudisha palepale alipokuwa. Vaa sikio moja tu. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, ambako tunaendesha kushoto na usukani uko kulia, mimi hushauri sikio la kushoto. Sikio la kulia libaki wazi upande wa dirisha, upande ambao pikipiki na mabasi hukupita na honi husikika kwanza. Kuna faida nyingine: maikrofoni inakuwa mbali na upepo wa dirishani, na anayekusikiliza hatakulazimisha urudie neno mara tatu. Burundi, Rwanda na Kongo, kwenye magari yenye usukani wa kushoto, geuza. Simu nyingi zina mpangilio wa kupokea zenyewe baada ya milio michache kifaa kikiwa kimeunganishwa. Uwashe, ili usitafute kitufe. Na kwa dereva wa bodaboda, visikizio viwili vya muziki ndani ya helmeti ni jambo la kuacha leo, kwa sababu masikio ndiyo kioo chake cha nyuma.

Nusu ya kazi hii haiko kwa dereva, iko kwa anayepiga. Tajiri wa daladala anayempigia dereva wake kuuliza hesabu ya mchana, ofisi inayotaka mhudumu wa kupeleka mizigo apokee kila simu papo hapo, ndugu anayepiga mara tano mfululizo kwa sababu hakupokelewa mara ya kwanza: wote hao wana mkono kwenye usukani ule. Makampuni ya usafirishaji yanaweza kuweka utaratibu mwepesi, kwamba gari likiwa kwenye mwendo anapigiwa utingo, na dereva hupigiwa kwenye vituo vya kusimama. Nyumbani nako, tukimpigia mtu, swali la kwanza baada ya salamu liwe, “Unaendesha?” Akisema ndiyo, tukate sisi. Maana yeye hawezi kumkatia mama yake. Anachoweza ni kusema, “Shikamoo mama, niko kwenye usukani, nikifika Chalinze nitakupigia,” na mama anayejua mambo ya barabara atajibu marahaba na kuiweka simu chini.

Lipo moja la mwisho. Mwaka 2015 timu hiyohiyo ya Utah, ikifanya kazi na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, iliwapima madereva baada ya kumaliza kuiamuru mitambo ya magari yao kwa sauti, kwa mfano kupiga namba au kubadili muziki. Kwa baadhi ya mitambo, akili ya dereva ilichukua hadi sekunde 27 kurudi kikamilifu barabarani. Kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini kwetu, hizo ni mita 375. Kwa hiyo ukishamaliza kuzungumza usilipite gari lililo mbele, usiingie kwenye mzunguko kwa pupa, wala usikisogelee kivuko cha watoto wa shule kwa mwendo uleule. Punguza, tazama vioo vyote vitatu, hesabu hadi thelathini, ndipo uamue.