Isnadi ya Mchoro

Kazi ifanywayo na mtu mmoja hukaa kichwani mwake, naye akiulizwa huieleza kwa ulimi wake. Lakini kazi ipitayo katika mikono ya watu wengi, mmoja akipokea barua, wa pili akikagua hesabu, wa tatu akitia sahihi na wa nne akitoa fedha, haiwezi kukaa katika kichwa cha mmoja wao peke yake, kwa kuwa kila mmoja hujua pale alipo na hajui sawasawa yaliyo mbele yake wala nyuma yake. Ndiyo maana watu wa maofisi, viwanda, benki na hospitali wamejifunza kuichora kazi kama ramani ya njia: duara la kuanzia, visanduku vya kila tendo, mishale ya kuonyesha linalofuata, na umbo la almasi, mfano wa kishada cha watoto, pale ambapo njia hugawanyika kwa sharti la ndiyo au siyo. Huo ndio mchoro wa utaratibu wa kazi, na siku hizi huchorwa kwa programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa shughuli hiyo hasa.

Juu ya kuchora kwenyewe mengi yamekwisha kuandikwa. Makala haya yanataka kusema juu ya jambo ambalo aghalabu hudharauliwa hata na mahodari wa kuchora, nalo ni utunzaji wa matoleo ya mchoro na tarikhi yake. Wanazuoni wa Hadithi za Mtume walipoletewa maneno hawakuyapokea kwa uzuri wake tu. Waliuliza nani ameyasema, naye ameyasikia kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka mnyororo ukafika kwenye asili yake, na mnyororo huo ndio uitwao isnadi. Maneno yaliyokatika isnadi yalishuka daraja, hata yangekuwa matamu namna gani. Mchoro wa kazi nao ni maneno yanayodai kutiiwa, maana unamwambia karani afanye hili na asifanye lile. Basi ni haki ya karani huyo, na ya kila atakayepatwa na matokeo ya kazi yake, kuuliza mchoro umetoka wapi, nani aliubadilisha, na kwa hoja gani.

Sanaa hii si changa. Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke waliotumia maisha yao kuchunguza harakati za watu kazini, waliwasilisha mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani risala juu ya chati za utaratibu, wakaonyesha jinsi kazi nzima inavyoweza kuwekwa machoni kwa alama chache. Baada yao kila kiwanda na kila shirika likabuni alama zake, hata mchoro wa nyumba moja ukawa fumbo kwa nyumba ya pili, mpaka mwaka 2004 ilipotangazwa lugha moja ya alama iitwayo BPMN. Mwaka 2006 lugha hiyo ilipokewa rasmi na jumuiya ya viwango ijulikanayo kama OMG, ikasahihishwa mwaka 2008 na tena mwaka 2009, ikapata toleo lake la pili mwaka 2011, na mwaka 2013 ikaingizwa katika viwango vya kimataifa vya ISO. Hapa pana funzo la kwanza: lugha yenyewe ya kuchorea ina matoleo yenye namba na tarehe, na msomaji wa mchoro wa zamani hana budi kujua umechorwa kwa toleo lipi kabla hajaziamini alama zake.

Wachoraji wa majengo na mitambo, tangu zama za karatasi, walikuwa na desturi njema ya kuacha jedwali dogo pembeni mwa mchoro, na humo huandika herufi ya sahihisho, tarehe, maelezo mafupi ya kilichobadilishwa na saini ya aliyekubali. Desturi hiyo ni ya hekima, lakini msiba mmoja unaonyesha kwamba saini peke yake haitoshi. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vilivyoning'inizwa juu ya ukumbi, kimoja juu ya kingine, vilianguka juu ya watu waliokusanyika kwa dansi, wakafa watu 114 na kujeruhiwa zaidi ya 200. Mchoro wa kwanza ulikuwa umeonyesha nondo ndefu zitokazo darini, zikapenya kijia cha juu na kushuka mpaka cha chini, kila kijia kikishikwa na nondo kwa nati zake. Michoro ya karakana ikaligeuza jambo hilo: nondo za kwanza zitoke darini na kuishia kwenye kijia cha juu, na nondo nyingine zianzie kwenye kijia hicho zishuke kukishika cha chini. Geuko lililoonekana dogo kwa macho liliviwekea viungo vya kijia cha juu uzito wa vijia viwili badala ya kimoja. Uchunguzi wa serikali ulibainisha kwamba hata muundo wa kwanza haukutimiza kanuni za mji ule, na geuko lile likazidisha udhaifu uliokuwapo. Mhuri wa wahandisi ulikuwapo juu ya michoro ile. Hesabu ya kiungo kipya haikuwapo. Nani na lini vilijulikana, lakini swali la kwa nini, na lile la nini kimepimwa kabla ya kukubali, hayakupata jibu hata roho za watu zikapotea.

Mchoro wa utaratibu wa ofisini hauangushi boriti, ijapokuwa huangusha haki. Chukua mfano wa chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambacho mchoro wake wa mwezi Januari unasema kwamba kila mkopo uzidio shilingi milioni moja sharti upelekwe mbele ya kamati, na mwezi Juni wanachama wakakubaliana kiwango kiwe milioni mbili. Mkaguzi anakuja mwezi Desemba, anakuta mkopo wa milioni moja na nusu uliotolewa mwezi Mei bila ya kamati, na ukutani pamebandikwa mchoro mmoja tu, ule mpya. Kwa mchoro huo meneja hana kosa. Kwa mchoro uliokuwa na nguvu siku ile, ana swali la kujibu. Mchoro wa zamani ukiwa umefutwa, mkosaji na asiye na kosa husimama mahali pamoja na kufanana, na mkaguzi hubaki kuamua kwa kumbukumbu za watu, ambazo hugeuka kwa hofu na kwa mapenzi. Ndiyo sababu kiwango cha ISO 9001 cha mwaka 2015, katika sharti zake za kutunza maandishi ya shirika, kinataka mabadiliko yadhibitiwe, na utunzaji wa matoleo kimeutaja kwa jina.

Watu wa kompyuta walipata dawa ya maradhi haya mapema, kwa kuwa waliugua mapema. Mwaka 1972 Marc Rochkind, katika maabara ya Bell huko Marekani, alianza kutengeneza mfumo wa kutunza maandishi ya programu ambamo kila badiliko la maandishi hayo lilihifadhiwa pamoja na jina la mwandishi na tarehe, hata mtu akaweza kulirudisha andiko kama lilivyokuwa siku yoyote aitakayo. Ikafuata mifumo mingine, na mwaka 2005 Linus Torvalds akatoa Git, ambao leo umeenea duniani kote. Programu za kuchora utaratibu zimerithi busara hiyo, na mtumiaji wake hana budi kufahamu daraja tatu ambazo wengi huzichanganya. Daraja ya kwanza ni kutengua tendo lililofanywa sasa hivi, na kumbukumbu hiyo aghalabu hupotea mchoro ufungwapo. Ya pili ni kuhifadhi, yaani kuiweka kazi isipotee, na hapo hakuna ahadi yoyote kwamba mchoro umekamilika. Ya tatu ni kutoa toleo, yaani kusimama na kusema kwamba mchoro huu, kama ulivyo saa hii, una jina na namba, na watu wanaweza kuutegemea. Msawada wa asubuhi haupaswi kuchukuliwa na karani wa jioni kana kwamba ni amri. Kwa hiyo toleo lililoidhinishwa litengwe na misawada mahali pake, na lenye nguvu liwe moja tu.

Lakini mchoro una tabia ambayo maandishi hayana. Ndani ya faili la BPMN ya toleo la pili, lililoandikwa kwa lugha ya XML, mna mambo mawili: maana ya kazi, yaani matendo yapi yapo na yapi hufuata yapi, na sura yake, yaani kila kisanduku kimekaa wapi juu ya ukurasa na kina upana gani. Mtu akisogeza kisanduku kimoja kwa ajili ya uzuri tu, mistari ya faili hubadilika, na anayelinganisha maandishi kwa maandishi huona vurugu mahali ambapo kazi haikuguswa hata chembe; na kinyume chake, neno moja la sharti likigeuzwa, kama ile milioni moja kuwa mbili, badiliko hilo zito hujificha katikati ya mistari mia iliyosogea bure. Kwa hiyo zimetengenezwa zana za kulinganisha michoro kwa michoro, ambazo hutenga vilivyoongezwa, vilivyoondolewa, vilivyobadilishwa maana, na vile vilivyohama mahali tu. Zana hizo hukitambua kisanduku kwa alama ya utambulisho kiliyopewa siku kilipozaliwa. Anayekifuta kisanduku na kuchora kingine mahali pake kwa jina lile lile, akidhani hakufanya neno, hukata mnyororo, kwa maana zana itaona kimoja kimekufa na kigeni kimekuja. Afadhali kukirekebisha cha zamani kuliko kuchora kipya.

Shida nyingine huja wachoraji wanapokuwa wawili. Ziko programu zinazoufunga mchoro mikononi mwa mmoja mpaka amalize, na ziko zinazowaacha wote wachore kila mmoja upande wake, kisha kazi zao ziunganishwe. Kuunganisha maandishi mawili ni taabu, na kuunganisha michoro miwili ni taabu zaidi, kwa sababu mshale mmoja unaweza kuelekezwa kwenye kisanduku ambacho mwenzako amekwisha kukiondoa, na kompyuta haina elimu ya kuamua kati yenu nani ameifahamu kazi. Hapo mashauriano ya watu wawili mezani hushinda kila zana.

Tena kuna michoro ambayo haisomwi na watu peke yao, bali huendeshwa na kompyuta yenyewe, ikituma maombi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kama ilivyochorwa. Katika programu ya Camunda, iliyotoka Berlin, mchoro ukibadilishwa na kupelekwa tena kazini hupewa namba ya toleo inayofuata. Maombi mapya huanza kwa toleo la mwisho, na yale yaliyokuwa njiani huendelea kwa toleo lililoyaanzisha, isipokuwa msimamizi ameamua kwa makusudi kuyahamisha. Katika tadbiri hiyo mna uadilifu mkubwa, maana mtu aliyeingia mlangoni kwa masharti fulani hahukumiwi kwa masharti yaliyotungwa akiwa ndani. Na pale ambapo mchoro mmoja huita mchoro wa pili, inabidi isemwe waziwazi unaitwa kwa toleo lipi, ama sivyo anayeurekebisha mdogo atakuwa ameugeuza mkubwa bila ya kujua.

Katika yote haya mna neno moja ninalolitilia mkazo kuliko mengine. Kompyuta inajua nani aliingia, lini aliingia, na nini amegeuza; hayo huyaandika bila ya kuombwa na bila ya kuchoka. Kwa nini amegeuza, haijui, wala haitajua mpaka iambiwe. Nafasi ya maelezo ambayo programu humpa mtumiaji kila atoapo toleo, na ambayo wengi huiacha wazi au huijaza neno «marekebisho» lisilomfaa mtu, ndiyo kiungo ambacho bila yake isnadi imekatika. «Kiwango kimepandishwa kutoka milioni moja kwa azimio la mkutano wa Juni»: sentensi ya namna hiyo huandikwa kwa muda mfupi, na baada ya miaka mitano, walioamua wakiwa wamehama au wamefariki, itasema badala yao. Na ikitokea kwamba badiliko lilikuwa kosa, toleo la zamani lirudishwe kwa kutoa toleo jipya linalofanana nalo, pamoja na sababu ya kurudi, wala lisifutwe lililokosewa, kwa maana kosa lililoandikwa humfunza ajaye, na kosa lililofutwa humngoja.

Wewe msomaji, ukiwa mkuu wa ofisi, mwalimu, mhasibu, au katibu wa chama cha kijiji, unao mchoro au mwongozo ambao watu huufuata kila siku. Ufungue leo, utazame kama una namba ya toleo, tarehe, jina la aliyeuidhinisha na sababu ya badiliko lake la mwisho. Kilichopungua kiandike, angali yupo anayekikumbuka.